Anayedaiwa na Marehemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna tangazo ambalo halikosi kwenye misiba yetu. Msemaji wa familia anasimama, anasoma wasifu, anawashukuru majirani, madaktari na kamati ya mazishi, halafu anasema: "Kama kuna mtu anamdai marehemu, aonane na familia. Na kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye aonane na familia." Tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Mwezi uliopita lilisomwa hapa Lushoto kwenye msiba wa mzee wetu mwenye duka, na mimi tangu siku ile halinitoki kichwani. Wa kumdai hakujitokeza, maana hakuwepo. Wa kudaiwa ni wengi, wameandikwa kwa majina, na karibu wote wamenyamaza.

Nilikwenda kumtazama mama mjane katikati ya wiki. Tuliomba, tukanywa chai, kisha akaniletea daftari la mikopo. Ni kaunta buku nene, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, na penseli imefungwa kwa kamba pembeni. Kila ukurasa una mstari katikati: kushoto kilichochukuliwa, kulia kilicholipwa. Sukari nusu. Sabuni mche mmoja. Misumari ya bati robo kilo. Daftari la mtoto, kalamu mbili. Upande wa kushoto umejaa. Upande wa kulia, kurasa nyingi ni nyeupe.

Kabla sijaendelea, acheni nimkumbuke kidogo, kwa sababu vijana wetu walimwona tu mzee mwenye koti la kahawia na kofia ya kufuma, anayeota jua mlangoni kwake asubuhi ya baridi. Alianza biashara mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati rafu za maduka nchi nzima zilikuwa tupu. Waliokuwepo wanajua: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, nguo ya kubahatisha. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha lakini uchumi ulikuwa umelala chini. Mwaka 1983 Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, alipoendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, kuna wafanyabiashara waliotupa mali yao usiku mitoni na vichakani wasikutwe nayo. Mzee alikuwa akitusimulia habari za siku zile, na sisi tukimuuliza, "Na wewe ulifanya nini?" anajibu, "Mimi nililala." Hakuwa na gunia lililofichwa chini ya kitanda. Basi.

Aliendelea hivyo hivyo mpaka uzeeni. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipovuruga uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika, Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, na bado kuna mahali kilo ilivuka shilingi 4,000. Mzee aliuza mzigo uliokuwa stoo kwa bei ile ile aliyoupangia, na hakumpa mtu zaidi ya kilo moja, ili na wa nyuma apate. Alisema nabii Amosi aliwaona watu wanaosubiri sabato iishe haraka wakapunguze efa, yaani kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, yaani jiwe la mizani, na yeye hakutaka Bwana amkute katika kundi hilo.

Mizani yake ilikuwa ile ya zamani ya mawe. Mliotumwa dukani mkiwa watoto mnakumbuka: anafuta sahani kwa kitambaa, anaweka jiwe, anamimina sukari mpaka pande mbili zinakaa sawa. Hapo wengi wangefunga karatasi. Mkono wake ulirudi kwenye gunia, ukaongeza kijiko, na sahani ya sukari ikazama. Alifanya hivyo kwa mwenye gari na kwa mtoto asiye na viatu. Tunasoma Luka 6:38 juu ya kipimo cha kujaa, kushindiliwa na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Mimi maana yake niliiona dukani kabla sijaisikia kanisani.

Na utumishi wake kwa mji mnaujua. Siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya mji, alifunga duka na kutangulia na jembe lake, akazibua mfereji mpaka kwenye chanzo cha maji. Alikaa kwenye kamati ya shule muda mrefu baada ya mwanawe wa mwisho kumaliza. Turubai na masufuria ya misiba yetu mengi yalilala stoo kwake, na funguo aliitoa hata saa nane za usiku. Masika kifusi kilipoziba barabara ya Mombo, hakupandisha bei ya chumvi. Hayo yalisemwa yote msibani, na yalisemwa vizuri, sina haja ya kuyarudia.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tukae, wapendwa.

Zaburi 112:5-6 inasema, "Heri atendaye fadhili na kukopesha, Atengenezaye mambo yake kwa haki. Kwa maana hataondoshwa kamwe. Mwenye haki atakumbukwa milele." Mistari hii huwa tunaifikia kwenye mazishi, na huwa tunakimbilia lile neno la kukumbukwa milele. Tunaruka kukopesha. Kumbe Roho Mtakatifu ameviweka pamoja: yule anayekumbukwa ndiye yule aliyekopesha. Ukimkumbuka mzee huyu, utamkumbuka na mkopo wake, na kama mkopo ule uko kwako, kumbukumbu yako ina kiasi kilichoandikwa.

Sasa sikilizeni Zaburi 37:21: "Asiye haki hukopa wala halipi, Bali mwenye haki hufadhili, hukirimu." Ni maneno makali. Daudi hasemi aliyekopa amesahau, au amebanwa, au mambo hayajakaa sawa. Anamwita asiye haki. Nami kama mtumishi wenu sina ruhusa ya kulilainisha Neno hili kwa sababu linanigusa rafiki yangu, au mwimbaji wangu wa kwaya, au mzee wa kanisa.

Nitasema wazi. Kwenye msiba ule tulivaa sare. Kitenge kilinunuliwa, fulana zenye picha ya mzee zilichapishwa, na waliochanga kwa ajili ya sare walichanga bila kusukumwa. Wengine wao wamo kwenye daftari. Ndugu yangu, uliyepata fedha ya kuvaa picha ya mzee kifuani, hukosi fedha ya sabuni na sukari uliyochukua kwake. Dada yangu, uliyelia mpaka ukashikwa mikono, machozi yale nayaheshimu, lakini mama mjane hawezi kwenda nayo kwa muuzaji wa jumla. Duka linahitaji mzigo. Mtoto wa mwisho ana ada. Stoo inaonyesha sakafu.

Najua wengine mnajiambia, deni limekufa na mwenyewe. Halikufa. Hata kwa sheria za nchi, msimamizi wa mirathi ana haki ya kukusanya kile marehemu alichokuwa akiwadai watu, kwa ajili ya mjane na watoto. Na mbele za Mungu ni zaidi. Kumbukeni yule mjane wa 2 Wafalme 4, aliyemlilia Elisha kwamba mumewe amekufa, naye alikuwa mcha Bwana, na mwenye kumdai amekuja kuchukua wanawe wawili. Pale mjane alidaiwa, na Mungu alifanya muujiza wa mafuta ili deni lilipwe. Hakulifuta kwa neno tu. Alimpa mafuta, akamwambia auze, alipe, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Kama Bwana alimhimiza mjane maskini alipe, atatuambia nini sisi tunaomnyima mjane kilicho chake?

Hasira ilinipanda nilipokuwa nikifunua kurasa zile, sitawaficha. Nimepigana nayo wiki nzima. Kuna saa nilifikiri niyasome majina madhabahuni. Kijana wao naye alitaka kupiga picha kurasa na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mama alimkataza. Alimwambia, "Baba yenu hakuwahi kumtaja mtu. Wewe usianze." Nilinyamaza niliposikia hivyo. Kwa hiyo leo sitataja jina, wala sitawadokeza watu kwa mtaa au kwa kazi zao. Mwenye kujijua anajijua, na Roho anamshuhudia sasa hivi anaposoma.

Lakini kuna jambo moja la daftari lile ni lazima niwaambie. Kwenye baadhi ya kurasa mzee alipiga mstari wa mshazari juu ya deni lote, na chini akaandika kwa herufi zake kubwa: "Kafiwa. Yameisha." Pengine: "Mvua imechukua viazi. Yameisha." Pengine: "Mtoto amelazwa Bombo. Yameisha." Hakumwambia mtu. Waliosamehewa wengine hawajui mpaka leo kwamba hawadaiwi. Mzee alikuwa anawaona wateja wake mmoja mmoja, anajua nani amebanwa kweli na nani anajikunja tu. Aliyestahili msamaha alishampa. Zile kurasa zisizo na mstari huo wa mshazari, wapendwa, ni za wale aliowaona wana uwezo. Aliwaamini kwamba watalipa. Alikufa akiwaamini hivyo.

Msiseme basi, "Mzee alikuwa mtu wa huruma, angetusamehe." Mwenye kusamehe alishasamehe, kwa penseli yake, kwa sababu zake. Wewe ukurasa wako aliuacha wazi.

Mtu wa kwanza kuja kulipa baada ya mazishi alikuwa mama mmoja Mwislamu anayekaanga maandazi karibu na stendi. Alikuja kabla matanga hayajaisha, akiwa na noti na sarafu kwenye kitambaa, akaomba ukurasa wake utafutwe, akahesabu mpaka ya mwisho. Alisema asingeweza kulala na deni la marehemu. Sisi tuliobatizwa pamoja na mzee, tulioketi naye benchi moja na kupokea meza moja ya Bwana, tupo wapi?

Warumi 13:8, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Na Yakobo anatuambia dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kumtazama mjane ambaye fedha yake iko mfukoni mwako, huku fedha umeishikilia, ni kumwongezea dhiki. Nawasihi kwa upendo wote nilio nao kwenu, na ninawapenda sana: lipeni. Lipeni wiki hii. Usingoje mavuno ya kabichi, usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi, maana ahadi kama hizo ndizo zilizoujaza upande wa kushoto. Mwenye nusu alete nusu. Mwenye elfu mbili alete elfu mbili, jina lake litapata tarakimu upande wa kulia kwa mara ya kwanza.

Na ninyi vijana mnaofungua vibanda vya simu, saluni na maduka ya pembejeo hapa mjini, mnaoniuliza kama mtu anaweza kufanya biashara na kubaki na wokovu wake: mlikuwa na jibu kwenye kona ile. Nendeni mkaone mizani. Bado iko kaunta.

Mama anafungua duka saa mbili asubuhi. Hatakuuliza neno mbele za wateja. Mwambie tu umekuja kwa habari ya daftari, naye atakupeleka ndani. Kijana wake ataandika na kukuonyesha alichoandika. Aliyebanwa kweli, ambaye hata kwa elfu moja hana, asijifiche wala asipite barabara ya nyuma. Aje kwangu, au kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake. Tutaona mfuko wa diakonia, ule wa kuwasaidia wahitaji, unaweza kubeba kiasi gani, na kwa kilichobaki tutakwenda naye kwa mama, tukamwombe pamoja.