Saladi ya mama na kipimo cha damu

Anayesema saladi ni maji tu namwomba asome daftari la kliniki la mama yangu, ukurasa wa mwezi wa pili mwaka jana. Kipimo chake cha INR, kile kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kilikuwa kimetulia kwenye 2.4 na 2.6 miezi minne mfululizo. Ghafla kimeandikwa 1.5. Mama hakuruka hata kidonge kimoja. Kilichobadilika ni majani.

Mama ana miaka 67. Alipata bonge la damu mguuni, na tangu hapo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni. Kwake daktari anataka INR ikae kati ya 2 na 3, kwa kuwa ikishuka bonge linaweza kurudi, na ikipanda mno anaweza kuvuja damu. Alipoanza dawa, kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na ushauri. Huyu anasema asiguse kitu cha kijani maisha yake yote, yule anasema apewe majani kwa wingi yasafishe damu. Nikachanganyikiwa. Mwisho nikamkatia mchicha, matembele na kisamvu, nikamwachia saladi tu, ile iliyofunga kama kabichi na nyeupe kwa ndani, wauzaji wanaiita aisbegi.

Aisbegi haikumsumbua, na sasa najua sababu. Katika gramu 100 zake, karibu 96 ni maji, na vitamini K iliyomo ni kama mikrogramu 24. Vitamini K ndiyo inayosaidia damu kuganda, na ndiyo ambayo warfarini inashindana nayo mwilini.

Tatizo lilianzia kwenye bei. Aisbegi moja ilikuwa inanilia elfu tatu, siku nyingine nne na ushee, nikaona nipande mwenyewe hapa hapa Kimara. Nikanunua pakiti za mbegu za saladi za aina nyingine: romeni yenye majani marefu, lolo rosa yenye majani mekundu, na ile ya majani ya kijani yaliyochanua. Nilisia mwezi wa kumi na moja, nikafukia vizuri kama ninavyofukia mahindi, nikamwagilia wiki mbili. Halikutoka jani. Nikanunua pakiti nyingine nikasia nzito zaidi, kimya vilevile. Jirani akaniambia niache kupoteza hela, saladi ni ya kwenye baridi, Lushoto na Arusha, Dar haioti. Kauli hiyo iliniudhi, maana alikuwa hajawahi kupanda hata mche mmoja.

Ukweli ni kwamba mbegu ya saladi ikikuta udongo wa moto, kwenye nyuzi 30 hivi na kuendelea, inalala. Haijafa, imegoma tu. Na nyingi zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo kule kuzifukia kwangu kulikuwa kosa la pili. Nikachukua kipande cha khanga kuukuu, nikakilowesha na kukikamua, nikatandaza mbegu juu yake, nikakunja, nikatia kwenye mfuko wa nailoni na kuuweka kwenye friji, rafu ya chini. Kila usiku nilikuwa nafunua kuchungulia. Siku ya nne, kwa mwanga wa tochi ya simu, nikaona mbegu mbili tatu zimetoa ncha nyeupe, ndogo kama ncha ya sindano. Nilimwamsha mume wangu aje aone! Jioni iliyofuata nikazimwaga kwenye kitalu chini ya mwembe, udongo ukiwa umelowa na kupoa. Sikufukia. Nilizikandamiza kwa kiganja tu, nikapukutishia vumbi la mboji lisilofunika kitu. Siku ya tatu kitalu chote kilikuwa cha kijani.

Mwishoni mwa Januari nilikuwa navuna majani ya nje na kuuacha moyo uendelee. (Usisubiri mche urefuke. Mche ukianza kurefuka kutafuta maua, yale maziwa meupe ya kwenye shina yanazidi na majani yanakuwa machungu.) Nikawa namjazia mama bakuli kubwa kila mchana, na parachichi juu, maana karotini ya majani, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inahitaji mafuta ili mwili uichukue.

Kliniki muuguzi akauliza kama kuna dawa mpya, kama kuna mitishamba, kama chakula kimebadilika. Nikajibu kwa uhakika kwamba hakuna, mama anakula saladi ileile. Mama akanigeukia.

"Siyo ileile, mwanangu. Ile ilikuwa nyeupe. Hii ya bustani imekoza."

Daktari akaelewa papo hapo. Romeni ina kama mikrogramu 100 za vitamini K katika gramu 100, ya kijani iliyochanua kama 126, na nyekundu hufika 140. Nilikuwa nimempandishia zaidi ya mara nne bila kumwambia mtu. Hakunikataza majani. Alirekebisha dozi, akataka mama apimwe kila wiki, na akasisitiza kiasi kiwe kilekile siku zote. Tukachagua bakuli dogo la bluu la uji. Nililibeba hadi kwenye mizani ya duka la nafaka, likiwa limejaa majani ni gramu 80. Wiki ya tatu INR ilisoma 2.3, kisha 2.5, na haijatoka humo. Mchicha sijamrudishia, maana mbichi una zaidi ya mikrogramu 1,000, na hilo sitalifanya bila daktari.

Mdogo wangu mjamzito yeye namlisha romeni, kwa sababu katika gramu 100 ina foleti, vitamini ambayo mjamzito anaihitaji sana, kama mikrogramu 136 wakati aisbegi haifiki 30. Vidonge vyake vya kliniki anaendelea navyo. Lolo rosa naipenda kwa wekundu wake, unaotokana na anthosiyanini, rangi za jamii moja na zile za rosela. Ila mtu asishindie saladi peke yake akitaka kupungua. Gramu 100 hazifiki hata kalori 20, utadondoka. Na osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka, hasa kama hujui bustani ilimwagiliwa maji gani.

Sasa hivi kuna kipande cha khanga kwenye friji yangu, siku ya pili. Kliniki ni Alhamisi. Siku hizi mama hasubiri kuulizwa, akikaa tu kwenye kiti anamwambia muuguzi: "Bakuli moja, lile la bluu."