Deni la Kibiti limenifuata hadi Mingoyo

Nilipigwa tochi ya kupima mwendo Kibiti nikirudi Mtwara na Noah ya shemeji: kilomita 63 kwa saa kwenye kibao cha 50. Askari akanionyesha picha, namba ya gari inasomeka kama kichwa cha gazeti. Shilingi 30,000. Nikajisemea, huo ni mkoa wa Pwani, nani atanifuata kusini? Ujinga mtupu. Faini inakaa kwenye namba ya gari, haijui mipaka ya mikoa.

Wiki ya pili, nikiwa na Noah ileile Mingoyo, mkoani Lindi, askari mwingine akabonyeza kimashine chake, akatabasamu: "Kaka, una deni la Kibiti."

Nikalipa palepale kwa simu, kwa kontrol namba, ile namba ya kulipia serikali, abiria wakisonya nyuma. Kumbe shemeji alishaliona deni kabla sijalilipa. Mpaka leo funguo hanipi.