Saladi, Posta na penseli: nilivyojifunza kuongea na Waingereza kwenye chai

Nilitua Heathrow tarehe 3 Septemba 2022, na kabla Oktoba haijaisha nilikuwa nimeshaishi chini ya mawaziri wakuu watatu, malkia amezikwa na mfalme mpya amekalia kiti. Mimi mtu wa Morogoro. Nimekulia nchi ambayo Mkapa alikaa miaka kumi, Kikwete naye kumi, hukuwa na haja ya kuamka na kuuliza leo Ikulu yupo nani. Sasa niko mji wa Reading, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila saa nne asubuhi wenzangu wanakusanyika jikoni, wanamimina chai, wanaongea mambo ambayo siambulii hata robo.

Shida haikuwa Kiingereza. Nilisomeshwa kwa Kiingereza, na fomu zangu zote nilijaza mwenyewe. Shida ni kwamba hawa watu hawaelezi. Mmoja anatupa jina, wote wanacheka, mada imekwisha.

Oktoba 20 niliingia nikakuta wanashikilia mbavu. Mpishi akanigeukia: "Saladi imeshinda!" Basi mimi nikafungua friji. Droo ya chini kulikuwa na saladi moja imenyauka, nikaitoa, nikauliza kama niitupe. Nusura mpishi aanguke. Ilibidi jioni nielezwe taratibu kama mtoto: gazeti la Daily Star lilikuwa limeweka saladi mbele ya kamera, limeivisha wigi, likawauliza wasomaji nani atadumu zaidi, saladi hiyo au Waziri Mkuu Liz Truss. Siku hiyo Truss alikuwa ametangaza kujiuzulu. Alikaa madarakani siku 49.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kwetu siasa nilizoea kuzisikia saluni. Kabla kichwa hakijafika nusu kusukwa, umeshajua msusi ni chama gani, mumewe chama gani, na kwa nini hawasemezani. Kwa hiyo mama mmoja pale kazini alipoilaani serikali kwa dakika kama ishirini, kisa ni foleni ya kupasuliwa goti, nikaona nami nichangie. Nikamuuliza: "Kwani wewe kura ulimpa nani?" Kimya. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Halafu yeye, kwa upole kabisa: "Nani anaongeza chai?"

Kumbe hapa unaweza kulalamika mpaka koo likauke, lakini kura ya mtu ni kama mshahara wake. Huulizi.

Aliyenitoa kwenye giza ni mzee wa chumba cha mwisho, dereva wa basi mstaafu, amepita miaka themanini. Hapa wazee wanaitwa kwa majina yao ya kwanza, jambo lililonishinda kabisa, nikawa namwita Babu. Nilipomwambia maana yake aliipenda, akakataa kuitikia jina jingine kutoka kwangu.

Kila Jumatano saa sita mchana Babu alitaka televisheni yake iwashwe na chakula kisubiri. Ndio muda wa maswali kwa Waziri Mkuu. Nikamwambia hata sisi tunayo, Dodoma, siku ya Alhamisi, maswali ya papo kwa papo. Lakini kwetu mbunge huanza na shukrani, akaja pongezi, swali linafika wakati umeshachoka. Hapa wanakaa pande mbili wakitazamana, na kiongozi wa upinzani ana maswali sita. Babu alikuwa akiyahesabu kwa vidole huku uma umebaki hewani. Siku moja nililalamika kwamba swali limeulizwa mara tatu na halijajibiwa. Akanitazama kama abiria aliyepanda basi bila nauli.

"Usisikilize jibu, binti. Sikiliza kelele. Watu wa nyuma yake wakinyamaza, mtu wao yuko taabani."

Hilo moja lilinifaa kuliko makala zote nilizosoma kwenye simu. Na mimi nilikuwa na cha kumpa: alikuwa hajui kwamba baba yake Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati ule, alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Kuanzia siku hiyo kila muuguzi aliyeingia aliambiwa kwamba Waziri Mkuu ni mpwa wangu. Nilikana wiki nzima, nikachoka.

Jioni ilikuwa darasa jingine, sebuleni kwa akina bibi. Pale vita ni kati ya tamthilia mbili za televisheni, Coronation Street, iliyoanza 1960, na EastEnders, ya 1985, na mwenye rimoti ndiye serikali. Nilijaribu kufuatilia zote, nikachanganya waume na wezi. Nikaamua nishike EastEnders tu, na Jumamosi za vuli lile shindano la kucheza dansi, Strictly, kwa sababu hilo halihitaji historia. Ikatosha. Ukiulizwa "umeona ya jana?" unaulizwa hali tu. Ukiwa hukuona, sema hukuona, watakusimulia kwa furaha kuliko hata kama ungeona.

Bado nilikuwa msikilizaji tu mpaka Januari 2024, ITV, kituo cha televisheni cha hapa, ilipoonyesha kwa usiku nne mfululizo tamthilia ya kashfa ya Posta, Mr Bates vs The Post Office. Waendeshaji wa posta ndogo ndogo, wengi wao wenye duka humo humo, walikuwa wanaonekana wamepungukiwa pesa kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mkataba uliwabana walipe upungufu kutoka mfukoni. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, wengine wakafungwa, na mwenye makosa alikuwa kompyuta. Kuna mahali mama wa duka la kijijini yuko kwenye simu na watu wa msaada, anabonyeza kama anavyoelekezwa, na deni linajizidisha mara mbili mbele ya macho yake.

Pale nilisimama. Dada yangu ni wakala wa kutuma pesa kwa simu, ana kibanda karibu na stendi. Namjua anavyokaa saa tatu usiku na daftari, anajumlisha fedha taslimu na floti ya kwenye simu, zikigoma anajumlisha tena, na zikigoma kabisa anatoa pesa ya chakula kujazia. Nilikuwa nimeona uso ule wa kwenye televisheni, kwa taa ya simu, nikiwa nimemshikia kalamu.

Asubuhi yake jikoni nikayasema hayo. Sikuyapanga. Nilieleza floti ni nini, nikachora kibanda nyuma ya karatasi ya shifti. Chai ikapoa. Wakaniuliza: na akikosea mteja je? Na kampuni inamwamini? Mama wa goti akasema shangazi yake alikuwa na posta kijijini, akaiuza 2004 bila kusema sababu, na sasa wanajiuliza. Tangu siku hiyo sikusubiri tena kuelezewa vichekesho. Nilikuwa nauliza katikati.

Mwaka huo huo Babu ndiye aliyeniambia nijiandikishe kupiga kura. Nilidhani ananitania. Kumbe raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali ana haki hiyo, hata uchaguzi wa wabunge. Julai 4 nikaenda kwenye ukumbi wa kanisa na pasipoti yangu ya Tanzania, nikapewa karatasi na penseli iliyofungwa kwa kamba. Hakuna wino wa kidole. Nilitoka nikitazama kidole changu kisafi kama nimedhulumiwa kitu. Saa nne usiku, vituo vinafungwa tu, televisheni ikatangaza makadirio: chama cha Labour viti 410. Walipata 411. Na asubuhi Truss akapoteza jimbo lake kwa kura 630, nami nikafungua friji ile ile, nikaweka saladi katikati ya meza, bila neno.

Mmoja hakucheka sana. Mwenzangu wa Poland yuko nchi hii tangu 2006, analipa kodi, watoto wake wana lafudhi ya Reading, na kura yake inaishia kwa diwani. Mimi sikuwa nimemaliza hata miaka miwili. Mchana tulikuwa chumba cha kufulia, tunakunja shuka.

"Ni penseli kweli?"

"Penseli. Na kamba."

Tukakutanisha ncha. Akauliza ulimpa nani. Nikatazama mlango, nikamnong'oneza, yeye peke yake mpaka leo.

Akatikisa kichwa. "Mimi nisingempa huyo."

Tukachukua shuka lingine.