Jupita imenikimbia machoni

Ndiyo kwanza nimeshuka Mlima Simba, hapa Dodoma. Usingizi hauji kabla sijawasimulia.

Mjomba wangu ni mwalimu wa fizikia. Leo alipandisha darubini yake ndogo. Kiangazi hiki anga letu halina wingu hata moja.

Nikaweka jicho.

Sayari ya Jupita! Na pembeni yake nukta nne za mwanga, zimejipanga mstari mmoja. Ni miezi inayoizunguka Jupita, ile ile aliyoiona Galileo, mwanasayansi wa Italia, mwaka 1610.

Mara ikaanza kuteleza. Taratibu, taratibu, ikafika ukingoni, ikapotea.

"Hakuna aliyeigusa darubini, mjomba," akaniambia. "Ni dunia inazunguka, na wewe umo."

Jamani! Haya nilikariri shuleni. Leo nimeyaona kwa jicho langu. Mwili ulinisisimka.

Kule kwenye mlima Mauna Kea, Hawaii, darubini mbili kubwa za Keck ziko zaidi ya mita 4,000 juu, hewa ikiwa nyembamba na kavu. Kioo cha kila moja kina upana wa mita 10, vipande 36 vimeunganishwa. Mota huzizungusha zifuate nyota. Sisi tulisukuma kwa mkono, kidogo kidogo.

Nani ameshawahi kuchungulia kwenye darubini? Uliona nini?

Na mlioko Dodoma, semeni tupande pamoja.