Django Mbili Kwenye Kompyuta Moja

Kijana tuliyempokea juzi kaniuliza, "Kaka, hivi faili za Django zenyewe zinakaa wapi?" (Django ni mfumo wa kuundia tovuti kwa lugha ya Python.) Nikamkumbuka dada mmoja wa timu ya zamani, aliyetaka kubadili maneno "Django administration" yanayotokea juu ya ukurasa wa msimamizi.

Alishaipata base_site.html, faili yenye maneno hayo, kaihariri, kaihifadhi, kawasha seva upya. Maneno yaleyale. Kafuta kashe ya kivinjari. Yaleyale. Nilipoketi naye tuliacha kupekua folda, tukaiuliza Python yenyewe:

python -c "import django; print(django.__path__)"

Ikatoka njia ndefu: folda ya mradi, venv (mazingira ya Python ya mradi huo peke yake), lib, mpaka site-packages/django. Faili aliyokuwa akiihangaikia ilikuwa chini ya /usr/lib/python3/dist-packages/django. Akanyamaza. Akaifuata njia ya kwanza kwa kidole, mkwaju kwa mkwaju, kisha ya pili. "Kwa hiyo ziko mbili?"

Ziko mbili. Ya dist-packages iliwekwa na apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, ya venv iliwekwa na pip, kisakinishi cha Python, na seva ilikuwa inasoma ya venv tu. Ukiipiga amri ileile kwa python3 kabla ya kuwasha venv, unapata njia nyingine, nayo ni ya kweli vilevile. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ndiyo maana napendelea python -m pip show django kuliko pip peke yake: hapo una hakika ni pip ya Python hiyohiyo, na folda unaiona kwenye mstari wa Location. (Ukiwa na faili yako iitwayo django.py hapo ulipo, amri ya kwanza itatema kosa la AttributeError, kwani Python huanza kutafuta kwenye folda uliyomo.)

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulinakili base_site.html kutoka contrib/admin/templates/admin ya Django hadi templates/admin ya mradi, tukaongeza BASE_DIR / "templates" kwenye DIRS ndani ya TEMPLATES, katika settings.py ya mradi, ili Django ianze kutafuta humo. Ya maktaba hatukuigusa: pip ikisasisha toleo, ulichohariri humo hupotea.

Ubishi ulibaki kwenye nakala ya mfumo aliyokwisha kuihariri. Yeye aliitaka ifutwe. Mimi nikahofia programu nyingine inaitegemea, nikasema apt install --reinstall python3-django inatosha kuirudisha safi. Hatukuafikiana.