Mchanga, Maji ya Kisima na Mlango Wetu wa Kioo

Nyumba yetu ipo Kigamboni, mahali ambapo usiku ukitulia bahari husikika, na sebule yake imetenganishwa na baraza kwa mlango mmoja mkubwa wa kioo wa kuteleza, ule ambao mafundi wa aluminiamu huuita slaidi. Tulipouweka miaka sita iliyopita nilidhani kwamba kuutunza kungekuwa ni kufuta alama za vidole vya watoto, basi. Kabla mwaka wa pili haujaisha, kioo kilikuwa kimepata ukungu ambao haukutoka kwa sabuni wala kwa dawa ya chupa, sehemu ya chini ilijaa mikwaruzo myembamba iliyojitokeza kila jua la jioni lilipoipiga, na mlango wenyewe ulikuwa mzito kiasi kwamba binti yangu alishindwa kuufungua. Tangu wakati huo nimejifunza kuwa sehemu kubwa ya madhara yale tuliyaleta wenyewe kwa namna tulivyokuwa tukisafisha, wala si kwa kuacha kusafisha, na ndiyo sababu nimeona niyaandike haya kwa kirefu kwa ajili ya wenye milango kama huu.

Nianze na mikwaruzo, kwa kuwa hiyo haina tiba ya nyumbani. Dada anayetusaidia kazi alikuwa akifanya kama nilivyomwelekeza: kila asubuhi achukue kitambaa kikavu na kupangusa kioo kwa nguvu mpaka king'ae. Lakini vumbi linaloletwa na upepo huku kwetu limechanganyika na mchanga, na chembe za mchanga kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yana namba 7, wakati kioo cha kawaida cha milango na madirisha kiko kati ya 5 na 6. Maana yake ni kwamba mchanga ni mgumu kuliko kioo, na kila chembe iliyobanwa chini ya kitambaa kikavu inakichora. Mikwaruzo mia moja ya namna hiyo haionekani kwa siku moja, ila baada ya mwaka inaonekana yote kwa pamoja.

Kwa hiyo sasa kitambaa hakigusi kioo kabla ya maji. Tunamwagia maji kuanzia juu, taratibu, ili mchanga ushuke wenyewe, kisha ndipo tunapaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo yenye lita 5. Wengi huzidisha sabuni wakiamini kuwa povu jingi ni usafi mwingi, ilhali sabuni iliyozidi ndiyo inayoacha michirizi. Tunatumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, kwa sababu kitambaa kinachorudishwa kwenye ndoo ileile ya sabuni kinarudi kwenye kioo kikiwa na mchanga uleule. Baada ya kusuuza tunavuta maji kwa kile kipangusio cha mpira ambacho vijana wa kwenye mataa hutumia kuoshea vioo vya magari, kutoka juu kwenda chini, na kufuta ukingo wa mpira kila baada ya mvuto mmoja. Pembe za mwisho ninazikausha kwa kipande cha kanga kuukuu. Nimejaribu vitambaa vingi vya dukani, na sijaona kinachoishinda kanga iliyofuliwa miaka kumi: pamba yake imelainika, haiachi nyuzi, na inafyonza maji. Sharti ni kwamba isiwe imefuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo, kwani dawa hiyo huacha utando wa mafuta. Wapo wanaopenda gazeti, nami nililitumia kwa muda, lakini wino wake ulichafua fremu yetu nyeupe nikaliacha.

Kazi hii ifanyike asubuhi na mapema au jua likishapungua. Kioo kilichopigwa na jua la saa sita hukausha sabuni kabla hujafika kuisuuza, na alama zinazobaki zinakulazimu kuanza upya.

Sasa niingie kwenye maji, ambayo kwangu ndiyo kiini cha suala lote. Kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mwambao, sisi tunatumia maji ya kisima, na maji hayo yana chumvi pamoja na madini ya chokaa, maana ardhi ya chini ni ya mawe ya matumbawe. Vitu hivi viwili havifanani na havitibiwi kwa namna moja. Chumvi, iwe ya kisima au ile inayoletwa na upepo wa bahari, huyeyuka kwenye maji, hivyo maji safi yanatosha kuiondoa. Chokaa haiyeyuki kirahisi. Tone la maji ya kisima likikauka juu ya kioo, maji huenda zao na chokaa hubaki kama duara jeupe, na tone la kesho likikaukia palepale, duara linazidi kuwa nene. Ule ukungu wetu wa mwaka wa pili ulikuwa maelfu ya maduara hayo yaliyoungana, na cha kusikitisha ni kwamba tulikuwa tukiyaongeza sisi kila tuliposuuza mlango kwa maji yaleyale na kuuacha ukauke kwa jua.

Dawa ya chokaa ni asidi nyepesi, nayo ipo jikoni. Siki nyeupe ya kawaida ina asidi ya asetiki ya takriban asilimia 5, na inapokutana na chokaa huibadilisha kuwa kitu kinachoyeyuka. Mimi huchanganya siki na maji kwa kipimo sawa, nikalowesha kitambaa, nikakibandika juu ya kioo kwa dakika 10 hivi, kisha nikasugua kwa upole na kusuuza kwa maji mengi. Juisi ya ndimu nayo inafaa kwa madoa machache. Mahali palipoganda sana nilirudia mara tatu au nne kwa siku tofauti, jambo lililonipa matokeo mazuri kuliko kukaza mkono. Tahadhari ni kwamba siki isiachwe ikatuama kwenye fremu ya aluminiamu, na isidondoke kabisa kwenye sakafu ya teraso au ya jiwe halisi la marumaru, kwa kuwa mawe hayo yenyewe ni chokaa na siki itayala. Tandika taulo kuukuu chini kabla ya kuanza.

Hapa lazima niseme jambo kwa msisitizo. Siki isichanganywe na jiki hata kidogo, iwe ndani ya ndoo moja au kwa kupaka kimoja juu ya kingine. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu. Vivyo hivyo, jiki isikutane na dawa za vioo zenye amonia. Mlango wa kioo hauhitaji jiki kwa lolote, basi iondolewe kabisa kwenye kazi hii.

Kuna hatua ambayo siki haifiki. Maji yenye madini yakikaa juu ya kioo kwa miezi mingi, yakilowa na kukauka, hufyonza sodiamu iliyomo ndani ya kioo chenyewe, na unyevu unaobaki unakuwa mkali kama magadi, ukaanza kuila sura ya kioo. Hapo kioo kinakuwa kimelika, si kimechafuka. Namna ya kutambua ni rahisi: kikiwa kimelowa kinaonekana safi, kikikauka ukungu unarudi, na siki haibadilishi chochote. Sehemu ya chini ya mlango wetu, pale bomba la kumwagilia maua lilipokuwa likirusha maji kila jioni, ilifika huko. Kioo kile kitabaki hivyo mpaka tutakapokibadilisha, na bomba limehamishwa.

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu kwamba maji ya mwisho kugusa kioo yasiwe ya kisima. Wakati wa masika na vuli tunakinga maji ya mvua kwenye madumu ya lita 20. Wakati wa kiangazi tunatumia maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi, ambayo ni unyevu wa hewa uliogeuka kuwa maji na hayana chokaa. Si maji ya kunywa, lakini kwa kusuuza kioo sijapata yaliyo bora zaidi, na lita 3 zinatosha mlango mzima.

Suala la uzito nililielewa siku fundi alipokuja. Nilimwita nikiamini kuwa mlango umepinda na kwamba tungelazimika kununua mwingine. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye reli ya chini, akanionyesha tope jeusi lililojaa humo. "Mama, mlango hauna tatizo," akaniambia, "tatizo ni hiki mlichokitia." Alisema kweli. Mlango ulipoanza kukwama, mtu mmoja alitushauri tupake grisi kwenye reli, nasi tukafanya hivyo. Kwa wiki moja uliteleza vizuri sana. Baada ya hapo grisi ikaanza kukamata kila chembe ya mchanga iliyopita, mpaka ikawa kama msasa chini ya rola.

Ni vyema mtu ajue rola hizo zinabeba nini. Kioo cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Kipande chetu kinachotembea kina upana wa mita 1.2, urefu wa mita 2.1 na unene wa milimita 6, kwa hiyo kioo peke yake kinakaribia kilo 38, na hapo fremu haijahesabiwa. Uzito wote huo unakaa juu ya magurudumu madogo mno. Yakizunguka juu ya mchanga yanalika upande mmoja, na yakishalika yanaanza kukata reli ya aluminiamu. Rola hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini reli iliyokatika ni kazi ya kung'oa fremu.

Fundi alikwangua grisi yote kwa kijiti cha mti, akasafisha mabaki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, akaosha kwa sabuni na kukausha. Kisha akanionyesha tundu dogo lililoko ubavuni mwa mlango, karibu kabisa na chini, ambamo mna skrubu. Skrubu hiyo hupandisha au kushusha rola, na kwa kuizungusha nusu mzunguko huku mimi nikiunyanyua mlango kidogo ili kuipunguzia mzigo, aliufanya mlango ukae sawa na kufuli ikaanza kuingia bila kulazimishwa. Nashangaa ni watu wangapi wamebadilisha kufuli nzima wakati kosa lilikuwa ni rola zilizoshuka. Tangu siku ile reli inasafishwa kila Jumamosi kwa brashi ya rangi iliyo kavu na mashine ya kufyonza vumbi, na mara moja kwa miezi mitatu inapuliziwa dawa ya silikoni, ambayo hukauka na haishiki mchanga. Mafuta ya kupikia, grisi na mafuta ya cherehani hayaruhusiwi tena kwenye reli ile.

Ndani ya reli mna matundu mengine yanayosahaulika, nayo ni yale ya kutolea maji upande wa nje. Mvua ikipiga mlango, maji huingia kwenye reli na kupitia humo kutoka. Yakizibwa na mchanga, reli hujaa na maji humwagika ndani. Masika moja tulilowesha zulia lote na kulaumu mpira wa mlango, kumbe ni matundu mawili yaliyozibwa na udongo wa nyigu. Sasa kila kabla ya mvua kuanza nayazibua kwa waya mwembamba, kisha namimina kikombe cha maji kwenye reli na kuangalia kama yanatoka nje.

Fremu yenyewe haina mengi. Osha chumvi kwa maji na sabuni kila wiki, usitumie waya wa chuma wa kusugulia masufuria, na fundi akibadilisha skrubu mwombe aweke zisizoshika kutu, kwa maana chuma cha kawaida penye chumvi hushika kutu upesi, na aluminiamu inayogusana nacho huliwa. Saruji ni adui mkubwa zaidi. Tulipopiga plasta upya barazani, matone ya saruji mbichi yaliachwa juu ya kioo na fremu kwa siku tatu, na alama zake bado zipo. Siku ya ujenzi funika mlango wote kwa karatasi ya nailoni, na tone likiruka lisuuzwe papo hapo. Kwa waliobandika tinti, dawa yoyote yenye amonia na wembe wa kukwangulia vikae mbali na upande uliobandikwa.

Mlango wa bafuni ni kioo kilichopikwa, yaani kilichopashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa hewa, hivyo kikivunjika hugeuka punje ndogo badala ya mapande makali. Udhaifu wake upo kwenye kingo. Kila mwezi napitisha macho kwenye kingo zote na kukaza bawaba, na nikiona ukingo umemeguka sitasubiri, nitakibadilisha. Kuhusu usafi wake, anayeoga mwisho hukivuta maji kwa kipangusio kabla ya kutoka, na tangu tuanze hivyo siki imehitajika mara mbili tu kwa mwaka.

Kilichobaki kwa sasa ni silikoni ya kuzibia mwanya kati ya fremu na ukuta, upande wa kusini wa mlango wa baraza, ambayo imeanza kuachana na ukuta. Itakatwa yote kwa kisu, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, pafutwe kwa spiriti na pakauke kabisa kabla ya kupakwa upya. Nimepanga kuifanya kazi hiyo mwezi wa Februari, wakati kaskazi bado inavuma na ukuta ni mkavu, ili ipate siku za kutosha kukomaa kabla mvua za Machi hazijaanza.