Nilivyounganisha kazi za chuoni na za ofisini katika potfolio moja ya usanifu majengo

Potfolio ninayotuma sasa, yaani mkusanyiko wa kazi zangu, ina kurasa 24 za A3 zilizolazwa na miradi minne tu: miwili ya chuoni, miwili ya ofisini. Ile ya awali ilikuwa na miradi tisa katika kurasa 46, na wingi haukuwa ugonjwa wake mkubwa. Kazi za chuoni zilijaa picha za kuvutia, lakini hapakuwa na mchoro hata mmoja ambao fundi angeushika akaanza kujenga. Za ofisini nazo zilikuwa michoro mikavu ya ujenzi, na aliyeitazama hakuweza kujua nilichora kipi na kipi nilikikuta kimeshachorwa. Mapengo hayo mawili hayazibwi kwa dawa moja.

Kwa kazi za chuoni, sikurudia mradi mzima. Kuuchora upya mradi wa mwaka wa mwisho ni kazi ya miezi, na mara nyingi wazo la mwanzo hupotea njiani. Nilichagua sehemu moja ambapo vifaa kadhaa vinakutana, nikaitoa kwenye skeli ya 1:100 (mm 1 ya mchoro ni mm 100 za jengo) nikaipeleka 1:20, kisha 1:5. Ingeweza kuwa ukingo wa paa, au dirisha linapokaa ukutani. Mimi nilichukua ngazi, kwa sababu ndani yake kuna hesabu, kuna mwili wa binadamu, kuna zege na kuna umaliziaji, na kosa la sentimita mbili mguu hulihisi kabla jicho halijaliona.

Mchoro wa chuoni ulikuwa na 3,060 mm kutoka juu ya slabu ya chini hadi juu ya slabu ya ghorofa, ngazi iliyonyooka, vidato 15, na kila sehemu ya kukanyaga ina kina cha mm 250. Gawanya: kila kidato kinapanda mm 204. Kanuni ya zamani ya Blondel, msanifu Mfaransa wa karne ya 17, inasema kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha kina cha kukanyagia, kiangukie kati ya mm 600 na 640 hivi, maana ndiyo hatua ya kawaida ya mtu anayetembea. Hapa ilikuja 658. Kwenye picha ngazi ile ilipendeza. Kwenye goti la mtu aliyebeba mzigo ingekuwa adhabu.

Nikaweka vidato 18 vya mm 170 na kina cha 280. Mara mbili 170 ni 340, jumlisha 280, unapata 620. Tatizo linahamia kwenye urefu. Ngazi iliyonyooka yenye vidato 18 ina sehemu 17 za kukanyaga, kwa kuwa ya mwisho ni sakafu yenyewe ya juu, na 17 mara 280 ni 4,760 mm. Chumba cha ngazi kilikuwa na 3,500. Watu wengi wakifika hapa hurudi kupunguza vidato, na ndiyo maana tunakutana na ngazi zinazopanda kama za kupandia dari. Nilichofanya ni kuikata katikati: vidato tisa, jukwaa la kupumzikia, kisha tisa vinavyorudi upande wa pili. Kila kipande kinachukua mara nane 280, yaani 2,240. Ongeza jukwaa la 1,200, jumla 3,440. Imeingia. Gharama yake ni upana: vipande viwili vya 1,100 na mwanya wa 100 katikati vinataka 2,300, kwa hiyo stoo iliyokuwa pembeni ilipoteza mm 1,100. Kwenye potfolio niliacha mpango wa zamani na mpya vikae ubavu kwa ubavu, na stoo iliyomegwa inaonekana wazi. Usiifiche, msanifu mwenye uzoefu ataanza kuitafuta hiyo nafasi ilikotoka.

Jukwaa nalo lilileta jambo. Juu yake ni mm 1,530 kutoka sakafu ya chini iliyomalizwa. Toa mm 30 za umaliziaji, 150 za slabu na 15 za plasta, chini yake panabaki 1,335. Mchoro wa chuoni ulikuwa umeweka mlango wa choo hapo. Mtu anahitaji angalau mm 2,000 za kichwa, kwa hiyo choo kikahama na pale pakawa pa kuwekea vitu.

Sasa sehemu ambayo hata waliokaa ofisini mwaka mzima huikosea. Vidato vya mm 170 ni vya ngazi iliyokwisha malizwa, si vya zege. Sakafu zote mbili, ya chini na ya juu, zilipangiwa mm 60: saruji ya kusawazisha 50 na marumaru pamoja na gundi yake 10. Vidato na jukwaa vilipangiwa mm 30 tu. Ukimwachia fundi wa fomu, yaani mbao za kumiminia zege, mchoro unaosema 170 kila mahali, atamimina zege la vidato 18 vilivyo sawa kabisa, na wewe utafurahi. Marumaru zikishawekwa, kidato cha kwanza kinakuwa 170 ukijumlisha 30 na kutoa 60, yaani 140. Cha mwisho juu kinakuwa 170 ukijumlisha 60 na kutoa 30, yaani 200. Tofauti ya mm 60 katika ngazi moja. Mtu anayeshuka anaanza na shimo asilolitarajia, na anamalizia na kidato kifupi kinachogonga kisigino.

Kwa hiyo zege linachorwa kwa makusudi likiwa halilingani: kidato cha kwanza mm 200, vya kati 16 vya 170 kila kimoja, cha mwisho 140. Jumlisha: 200, 2,720 na 140, unarudi kwenye 3,060. Mchoro wa 1:5 wa kidato cha kwanza na cha mwisho, ukionyesha mstari wa zege na mstari wa umaliziaji kwa unene tofauti, ulichukua nusu ukurasa. Kwenye usaili ndio unaoulizwa kuliko picha zote za rangi.

Sehemu ya pili niliyoigusa ni kuta. Chuoni tunapenda namba nzima: chumba mita 4, mlango mita 1.2, kipande cha ukuta sm 80. Tofali la saruji la mm 390 kwa 190, likiwa na kiungo cha mm 10, linatembea kwa hatua za 400 na 200. Kipande cha ukuta kilichosimama peke yake kati ya nafasi mbili kinapungua kiungo kimoja, kwa hiyo ni 790, si 800. Nafasi ya mlango inaongezeka kiungo kimoja: 1,210, si 1,200. Kwa kimo hakuna mchezo huo ukianzia juu ya slabu, kwa sababu kila safu ina kiungo chake: safu 11 ni 2,200, na hapo ndipo linta, boriti ya juu ya mlango, ikae. Kurekebisha mpango mzima kwa hatua hizo kulichukua jioni mbili, na nafasi za milango na madirisha hazikusogea zaidi ya sm 10. Faida yake ni kwamba fundi hakati matofali kila kona. Paa la bapa nililipitia haraka: mteremko nimeuandika 1:40 ili hata zege likibonyea kidogo nibaki na angalau 1:80.

Kazi za ofisini zina shida ya kinyume. Uhalisia umo wa kutosha, mkono wako ndio hauonekani. Kwanza ni ruhusa. Niliomba kwa maandishi nikiwa bado kazini, nikataja karatasi kwa namba zake, si "baadhi ya michoro ya mradi". Ukiomba baada ya kuondoka, aliyekuwa msimamizi wako naye huenda ameshaondoka. Kisha nikafuta jina la mteja, namba ya kiwanja na anwani kwenye kisanduku cha kichwa cha mchoro. Angalia pia majina ya vyumba: neno kama "ofisi ya mkurugenzi" pamoja na umbo la jengo linaweza kumtambulisha mteja hata jina lake lisipokuwepo. Na ukihamisha faili kwenda PDF, hakikisha tabaka za mchoro (layers) ulizozizima hazikusafiri nalo. Anayejua kuzifungua atazifungua.

Kila mradi wa ofisini una sentensi moja chini ya kichwa chake inayosema nilichofanya. "Nilishiriki katika usanifu" haimwambii mtu chochote. Ninaandika hivi: "Nilichora mikato ya 1:50, michoro ya vyoo ya 1:20 na jedwali la milango, mpango wa jumla na sura za nje zilichorwa na msanifu kiongozi." Mikato ni michoro inayoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayofanya ile ya kwanza iaminike.

Badala ya kuonyesha seti nzima ya michoro, nilichagua karatasi moja na kuifuata kutoka toleo A hadi toleo C. Ilikuwa vyoo vya ghorofa ya kwanza. Toleo A: bomba la maji machafu lenye kipenyo cha mm 110 linatembea mita 4 juu ya dari ya chumba cha chini kufikia bomba la wima, na nafasi juu ya dari ni mm 200. Kwa mteremko wa 1:40, mita 4 zinashuka mm 100. Jumlisha bomba lenyewe, 210, bado hujaweka vishikizo wala unene wa kiungo. Halipiti. Toleo B lilishusha dari kwa mm 100, na kichwa cha dirisha kikawa juu ya dari. Ukiwa ndani unaona dari imekata kioo. Toleo C liligeuza mpangilio: vyoo vikavuta kuelekea bomba la wima, masinki yenye mabomba membamba yakaenda mbali. Umbali wa lile bomba kubwa ukabaki mita 1.6, mteremko mm 40, jumla 150, na vishikizo vikapata nafasi. Mikato mitatu midogo, kila mmoja na namba zake, inaeleza hayo yote bila aya ndefu.

Mpangilio wa kurasa ndio unaokula muda bila sababu, na kosa kubwa kuliko yote ni kuchukua karatasi ya A1 ya ofisini na kuiminya iingie A3. Kila kipimo kinakuwa nusu. Skeli ya 1:50 inageuka 1:100 huku maandishi bado yanasema 1:50. Maandishi ya mm 2.5 yanakuwa 1.25, hayasomeki. Mstari wa 0.18 unakuwa 0.09, na printa nyingi zinaumeza. Mimi narudi kwenye faili la mchoro, naweka ukurasa mpya wa A3 na unene wa mistari upya: 0.5 kwa kilichokatwa, 0.25 kwa kinachoonekana nyuma yake, 0.13 kwa marumaru na mipangilio ya sakafu. Nafuta nusu ya vipimo, kwa kuwa msomaji wa potfolio hajengi. Nabakiza vile ninavyotaka avijadili. Badala ya kuandika skeli kwa namba peke yake naweka mstari wa skeli uliochorwa, kwa sababu huo unakua na kupungua pamoja na mchoro.

Picha za maketi ya chuoni, yaani jengo dogo la kadibodi la mfano, nilizipiga upya. Maketi ya 1:100 ikipigwa kutoka juu inaonekana kama boksi. Macho ya mtu aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka chini, na kwa skeli hiyo ni mm 16 juu ya meza, kwa hiyo simu niliigeuza kichwa chini ili lenzi ikaribie meza. Taa moja tu, ya pembeni, iliyoshuka chini. Ukiwasha na taa ya dari, vivuli vinakuwa viwili na kadibodi inajisaliti kuwa kadibodi.

Kwa kuchapisha, picha inayojaza A3 inahitaji pikseli 4,961 kwa 3,508 ili ifikie 300 kwa inchi; inayojaza nusu yake, 3,508 kwa 2,480. Upande wa kufungia naacha mm 20, na picha zinazofika ukingoni zinavuka mm 3 nje ili mkato wa karatasi usiache uzi mweupe. Toleo la barua pepe ni faili jingine, pikseli 150 kwa inchi, na nalibana hadi lisizidi MB 10. Ukilibana kwa programu ya kwanza unayokutana nayo, michoro ya mistari hugeuzwa kuwa picha na kingo zake hupata ukungu. Punguza picha peke yake, mistari iache ilivyo.

Kabla ya kutuma nachapisha kurasa tatu kwenye A4 kwa printa ya kawaida ya nyeusi na nyeupe: ule wa ngazi, ule wa vyoo na mmoja wa picha. Naziweka mezani, nasimama hatua mbili nyuma. Kama mstari wa zege na wa umaliziaji kwenye kidato cha kwanza haujatengana machoni, narudi kuongeza unene wa ule wa zege, nachapisha tena huo mmoja.